Chai ya Mwali na Mlango wa Mchango

Kicheni pati, kama shughuli ya kumfunda na kumtunza mwali inavyoitwa katika miji ya Tanzania, siku hizi huanza na ujumbe wa kamati: mchango ni kiasi hiki, mwisho wa kulipa ni tarehe hii, na asiyekamilisha ahadi yake hapati kadi. Zipo familia zinazochagua njia nyingine. Zinaifanya alasiri, nyumbani, iwe karamu ya chai: chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, vitumbua, sambusa, kashata, na wanawake wamezunguka mkeka wa mwali. Ninaitetea njia hiyo kwa sababu za kimaadili. Mwenyeji anayemtoza mgeni kabla ya kumkaribisha ameacha kuwa mwenyeji, ameuza nafasi. Chai inafaa kwa sababu familia ya kipato cha kawaida inaweza kuiandaa yenyewe, bila kumwomba mtu senti.

Dini mbili zenye wafuasi wengi kwetu zimeligusa jambo hili. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu yuko mezani kwa Farisayo mmoja, naye anamwambia mwenyeji wake asiwaalike rafiki na majirani matajiri, maana hao watamwalika naye na hesabu itakuwa imefungwa. Awaalike maskini, wasio na cha kumlipa. Katika hadithi ya Kiislamu iliyopokewa na Abu Huraira, chakula kibaya kabisa ni kile cha walima ambayo matajiri wameitwa na maskini wameachwa. Walima ni karamu ya ndoa yenyewe, si ya kumfunda mwali, lakini sababu ni ileile. Kote kuwili ubaya hautafutwi kwenye sahani. Unatafutwa katika orodha ya walioitwa. Sasa tazama kadi ya mchango inavyofanya kazi. Hakuna mjumbe wa kamati aliyekaa akaandika kwamba maskini wasije. Kiwango kimeifanya kazi hiyo badala yake, kimyakimya, wala hakuna anayejihisi ana hatia. Atakayebaki nje aghalabu ni jirani anayeuza mboga, shangazi aliyeko kijijini, mjane aliyemlea mwali utotoni. Hapo shughuli inajidhuru yenyewe, kwa kuwa kiini chake ni mafunzo. Mwali anahitaji kusikia kwa mwanamke aliyeishi na mume mgonjwa, aliyevumilia ukata, aliyejua lini anyamaze na lini aondoke. Elimu hiyo haifuati kipato, na mara nyingi wenye nayo nyingi ndio wasioweza kulipia kiti.

Kuna pingamizi zito. Mwanaanthropolojia Marcel Mauss, katika insha yake maarufu ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu wa kutoa, kupokea na kurudisha. Wanawake wa pwani na bara hawakuhitaji kuambiwa hayo: wanatunzana, wanacheza upatu, na wengi wana daftari linaloonyesha nani alileta nini. Kwa hiyo, atasema mpinzani, mchango ni desturi yetu ya kusaidiana iliyovaa nguo mpya, na binti anayeanza nyumba bila sufuria hafaidiki na falsafa. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Kusaidiana ni kwema na deni kati ya majirani huwafunga pamoja. Lakini anayetunza amekwisha kukaribishwa. Anatoa akiwa ndani, kwa kadiri yake, na anaweza kurudisha baada ya miaka kumi kwa kulea mtoto au kuuguza mgonjwa. Mchango wa kadi una kiasi kimoja kwa wote na siku ya mwisho, na adhabu yake ni kufungiwa mlango. Undugu uliokuwa katika kutunzana umebanduliwa, imebaki bei. Sufuria za mwali zinaweza kuja bila bei hiyo, kama zilivyokuja kabla ya kamati kuwepo.

Hata zawadi zenyewe zinahitaji ulinzi. Mtume Muhammad aliwaambia wanawake, kwa kuwataja, wasidharau zawadi ya jirani hata ikiwa ni kwato ya kondoo. Katika Marko 12 sarafu mbili za mjane zinahesabiwa kuwa nyingi kuliko fedha za matajiri, na mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu cha nne cha maadili yake, anapima ukarimu kwa uwezo wa mtoaji. Mshereheshaji anayetangaza friji kwa kipaza sauti, kisha vikombe sita, anakipindua kipimo hicho mbele ya watu. Kutunza kwa ngoma na vigelegele ni furaha halali. Kinachoumiza ni kutaja thamani. Zawadi zikipokelewa mlangoni na kufunguliwa baadaye, hakuna furaha iliyopotea.

Atakayesema karamu ya chai ni ya Kiingereza hanisumbui. Mashamba ya chai Kenya yalianzia Limuru mwaka 1903, na leo nyumba nyingi za Afrika Mashariki hazijui kumpokea mgeni bila kikombe. Kinachonisumbua ni kwamba chai nayo inaweza kugeuka: kofia za sare, vyombo vya kukodi, mpambaji, mpiga picha, na mchango umerudi kwa mlango wa nyuma. Ikifika hapo, hoja yangu inaipinga chai kama ilivyoipinga kadi ya mchango. Familia ipange kwanza wanawake ambao mwali hawezi kufundwa bila wao, wenye nacho na wasio nacho, kisha ijiulize inaweza kuwapa nini kwa fedha yake yenyewe. Kama jibu ni chai na mihogo ya kuchemsha, basi waalikwe kwa chai na mihogo, na kamati ipewe kazi ya kumtafutia nauli shangazi wa kijijini.