Kuzima Moto ni Fardhi ya Nani?
Soko kuu la Bujumbura liliteketea tarehe 27 Januari 2013. Kila moto unapotokea twauliza: gari la zimamoto liko wapi? Swali ni la haki, lakini halitoshi. Fardhi kifaya hutuondokea wanapopatikana watu wa kutosha kuitekeleza. Wasipopatikana, dhambi ni ya kila aliyeweza akaacha. Kila msikiti una wanaojua kuosha maiti. Je, wanaojua kukata umeme, na kwamba mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji? Mtume (s.a.w.) alituamuru kuzima moto kabla ya kulala. Vijana kumi wa kila msikiti wakijitolea kujifunza, fardhi hii itakuwa imepata watu wake.