Jana Isiyosogea: Swali la Kimaadili Kuhusu Hamu ya Ukale katika Stranger Things

Utangulizi

Wahenga waliposema kwamba yaliyopita si ndwele na kuwahimiza watu wagange yajayo, walikuwa wakitoa agizo la kimaadili kwa lugha ya uganga. Maradhi hutibiwa yangalimo mwilini. Lililokwisha kupita halina mwili wa kutibiwa. Hata hivyo, mnamo mwaka 1688, mwanafunzi wa tiba Johannes Hofer, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Basel huko Uswisi, alitoa hoja iliyo kinyume kabisa na methali hiyo. Kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja la kurejea nyumbani na jingine la maumivu, alibuni neno nostalgia ili kuyataja maradhi ya watu waliokuwa mbali na kwao wakadhoofika kwa kupawaza. Kwa Hofer, yaliyopita yalikuwa ndwele hasa.

Tangu hapo maana ya neno hilo imesogea. Hamu ya mahali imekuwa hamu ya wakati, na kilichokuwa maradhi kimekuwa burudani inayouzwa na kununuliwa. Mfano ulio wazi ni Stranger Things, mfululizo wa televisheni uliobuniwa na ndugu wawili Wamarekani, Matt na Ross Duffer, na kuonyeshwa na Netflix kwa misimu mitano kuanzia Julai 2016 hadi Desemba 2025. Huu ni utungo unaochanganya bunilizi ya kisayansi na hadithi ya kutisha, na kuvisha mchanganyiko huo mavazi ya miaka ya 1980. Makala haya yanauliza: je, ni halali kimaadili mtu kuionea raha jana ambayo yeye hakuiishi, na ambayo kwa walioiishi haikuwa tamu kwa wote? Inadaiwa hapa kwamba jibu limo katika kitisho chenyewe cha utungo huo, ingawa aghalabu watazamaji hulitafuta katika mapambo yake.

Raha na Utetezi Wake

Kisa kinaanzia Hawkins, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Indiana. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1983, mtoto Will Byers anatoweka akirejea nyumbani kwa baiskeli baada ya kucheza Dungeons & Dragons na rafiki zake watatu. Amechukuliwa na zimwi hadi katika dunia iliyopinduliwa, ambayo ni nakala ya Hawkins yenye giza, baridi na mizizi inayotambaa. Rafiki zake wanamtafuta, na katika kumtafuta wanakutana na msichana aliyetoroka maabara ya serikali. Huyu hana jina ila nambari, Eleven, yaani kumi na moja, na ana uwezo wa kusogeza vitu kwa nguvu za akili.

Juu ya kisa hicho umetandazwa ukale mtamu: baiskeli, redio za mawasiliano, kaseti, muziki wa ala za umeme, na mwangwi wa kazi kama E.T. ya Steven Spielberg (1982) na riwaya za Stephen King. Watoto huzurura hadi usiku na wazazi wao hawajui waliko. Ni wazi kwamba wengi wanaovutiwa na ulimwengu huo walizaliwa miaka mingi baada ya 1983. Hamu yao ni hamu ya kurithi. Wanalilia nyumba ambayo hawakupata kuikalia.

Mtetezi wa raha hiyo anaweza kusema kwamba haina madhara, na kwamba bunilizi haidaiwi usahihi wa historia. Zaidi ya hayo, anaweza kudai kuwa kinachopendwa si miaka ya 1980 yenyewe. Kinachopendwa ni urafiki usio na haraka, ambao ukale unautolea sura tu. Utetezi huu una uzito. Lakini udhaifu wake ni kwamba unamruhusu mtazamaji kuchagua sehemu ya jana inayompendeza na kuliita chaguo hilo kumbukumbu.

Nyufa Katika Jana

Kwa sifa ya utungo huu, jana yake ina nyufa zinazoonekana. Katika msimu wa pili, mnamo Oktoba 1984, watoto wanavaa mavazi ya filamu ya Ghostbusters iliyotoka mwaka huohuo. Mike na Lucas wamevaa wote kama mhusika mmoja, Venkman. Mike anashangaa, kwani alidhani Lucas angekuwa Winston. Lucas anauliza kwa nini Mike mwenyewe asiwe Winston, na Mike anababaika. Lucas ndiye mtoto mweusi wa pekee katika kundi lile, na Winston ndiye mweusi wa pekee miongoni mwa wale wa filamu. Tukio ni la sekunde chache na linachekesha, ila linafichua jambo kubwa: hata katika mchezo wa marafiki wapendanao, jana ilikuwa imekwisha kugawa nafasi kabla watoto hawajachagua.

Ufa wa pili ni maabara. Mama mzazi wa Eleven, Terry Ives, alikuwa mmoja wa waliofanyiwa majaribio chini ya MKUltra. Jina hilo halikubuniwa na ndugu Duffer. MKUltra ulikuwa mpango halisi wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, ulioanza mwaka 1953, ambamo baadhi ya watu walipewa dawa ya LSD bila ya kujua. Mwaka 1973 iliamriwa faili zake ziteketezwe, na umma ulianza kuufahamu mwaka 1975. Ufa wa tatu ni jumba la maduka la Starcourt katika msimu wa tatu, mwaka 1985. Mtazamaji wa leo hulitazama kwa hamu, ilhali katika kisa chenyewe ndilo linaloua maduka madogo ya mji. Jana inayotamaniwa ilikuwa nayo inaiangamiza jana yake.

Hapa ndipo shutuma ya kimaadili inapokuwa nzito. Utungo unazionyesha nyufa hizi, kisha unaleta zimwi. Zimwi likishaingia, uovu wa binadamu hupungua ukubwa: maabara, ubaguzi na uchu wa faida huonekana vidogo mbele ya kinywa kinachofunguka kama ua. Mtazamaji anakiogopa kisichokuwapo na kukisamehe kilichokuwapo. Kama hilo ndilo tendo la mwisho la utungo, basi raha yake ni raha ya kujisafisha, na mhakiki hana budi kuikataa.

Tarehe Iliyoganda

Hata hivyo, msimu wa nne, uliotoka mwaka 2022, unaleta ugunduzi unaomlazimu mhakiki kusoma upya yote yaliyotangulia. Nancy Wheeler, dadake Mike, akiwa amenaswa katika dunia iliyopinduliwa mwaka 1986, anaingia chumbani mwake kutafuta bunduki alizozificha. Hazipo. Vitu vilivyomo ni vya zamani. Anafungua shajara yake na kukuta kwamba maandishi ya mwisho ni ya tarehe 6 Novemba 1983. Dunia ile imeganda siku aliyotoweka Will. Bunduki hazipo kwa sababu huko hazijapatikana bado.

Maana ya tukio hili ni kubwa kuliko mchango wake katika msuko. Jehanamu ya utungo huu ni mwaka 1983 wenyewe uliokataa kwisha: nyumba zilezile, vyumba vilevile, shajara ileile, pasipo mkaazi. Hicho ndicho hasa ambacho hamu ya ukale hukiomba, wakati usimame na kila kitu kibaki kilivyokuwa. Utungo unaitimiza dua hiyo, kisha unaonyesha mji uliojibiwa dua. Hauna mtoto anayekua, kwa hivyo hauna mtoto.

Adui mkuu naye anafaa kusomwa hivyo. Vecna, aliyezaliwa binadamu kwa jina la Henry Creel, anauchukia wakati. Kwake saa, dakika na ratiba ya kuamka, kufanya kazi na kufa ni gereza walilojijengea wanadamu. Huwaingilia wahanga wake kupitia kumbukumbu, kwa kuzigandisha katika dakika ya hatia. Katika msimu wa mwisho, mbinu yake inakuwa ya upole zaidi: anamvutia mtoto Holly Wheeler katika nyumba nzuri, yenye jua na vyakula, iliyofumwa kwa kumbukumbu za utoto wa Henry mwenyewe. Zimwi limejifunza kwamba ukale mtamu hunasa vizuri kuliko ukale mchungu.

Kinyume chake ni kuokolewa kwa Max Mayfield. Akiwa kaburini kwa Billy, kakake wa kambo aliyefariki mwaka 1985, ananaswa na hatia ya kifo kile. Rafiki zake wanamwekea masikioni wimbo aupendao, Running Up That Hill wa Kate Bush (1985). Wimbo unafungua mlango, na kupitia mlango huo Max anawakumbuka rafiki zake na kuwaona, wakimwita. Anakimbia kuwaendea. Kumbukumbu inayomuua na inayomwokoa zote ni za jana. Tofauti ni kwamba ya kwanza inamtaka abaki, na ya pili inamrudisha kwa watu wanaomngoja.

Mhakiki Svetlana Boym, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu mustakabali wa nostalgia, alitofautisha hamu inayotaka kuijenga upya nyumba iliyopotea na ile inayotafakari upotevu wenyewe. Ugawaji wake unalingana na matukio haya mawili. Nyumba ya Henry imejengwa upya hadi meza ya chakula. Max harejeshewi chochote, na Billy habaki hai.

Pingamizi

Inaweza kupingwa kwamba utungo unaokemea jana iliyoganda ndio huohuo unaoiuza. Pingamizi hili ni la haki. Wimbo wa Kate Bush ulipopanda tena mwaka 2022 hadi nafasi ya kwanza nchini Uingereza, lililothibitishwa ni kwamba jana ina soko. Fauka ya hayo, bunilizi ya kisayansi imezoeleka kuwa fasihi ya kesho. Katama Mkangi katika Walenisi (1995) alimrusha Dzombo angani ili msomaji auone mfumo wa jamii ambao haujapata kuwako. Tanzu hiyo inapogeuzia uso jana, huenda ikawa imekata tamaa na kesho.

Lakini unafiki wa muuzaji hauifanyi hoja kuwa ya uongo. Unahamisha tu jukumu kutoka kwa mtunzi hadi kwa mtazamaji, ambaye ndiye anayeamua atoke na nini.

Hitimisho

Mwishoni mwa msimu wa kwanza, Will amekwisha kurudi nyumbani. Ni Krismasi ya 1983, mama na kaka wako mezani. Anakwenda bafuni, anakohoa na kutapika kiumbe kutoka dunia ile, na kwa muda kuta zinaonekana kama za huko. Kisha anarejea mezani, anasema kwamba hajambo, na chakula kinaendelea.

Mtazamaji anayeionea raha miaka ya 1980 yuko upande huo wa meza ulio salama. Hatendi kosa kwa kuketi hapo wala kwa kufurahia taa za Krismasi. Kosa litaanzia pale atakapohitaji Will anyamaze ili karamu isiharibike. Hamu ya ukale ni halali maadamu inavumilia kuulizwa swali la Lucas, na maadamu inakubali kwamba Terry Ives naye aliishi katika jana hiyohiyo. Kwa maana hiyo wahenga na Hofer hawapingani sana. Yaliyopita huwa ndwele yanapokatazwa kupita.