Amana Ndani ya Kompyuta

Amana ni kitu cha mtu kilicho mikononi mwa mtu mwingine, ambacho mwenyewe anatarajia kirudi kama kilivyokwenda. Kwa karne nyingi neno hilo lilihusu vitu vya kushikika: mkufu wa dhahabu aliouacha msafiri kwa jirani, mbuzi aliyekabidhiwa mchungaji, fedha zilizofungwa kwenye kitambaa zikatiwa chini ya sanduku. Siku hizi amana nyingi zimo ndani ya mashine ambayo wachache huifikiria kuwa ni mahali pa amana. Kompyuta ya ofisini, ya nyumbani au ya dukani imebeba vyeti, picha, orodha za mishahara, majibu ya hospitali na barua za watu ambao mwenye kompyuta hawajui hata kwa sura. Swali linalozuka hapo ni la kale, ingawa chombo ni kipya: aliyeshika cha mwenzake anadaiwa nini, na ni lini anahesabika kuwa amekirudisha?

Duka la steshenari linalionyesha jambo hili waziwazi. Mteja anaingia na simu mkononi: "Dada, nimekutumia kwenye WhatsApp, nitolee kopi mbili." Dada wa mezani anafungua ujumbe kwenye kompyuta, anapakua faili, anaprinti. Karatasi inatoka ingali na joto, mteja analipa, anaondoka. Machoni pa wote wawili kazi imekwisha. Lakini faili limebaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa, chini ya mengine ya aina yake: kitambulisho cha taifa pande zote mbili, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya kuomba kazi yenye majina na namba za wadhamini, hati ya kiwanja, matokeo ya kipimo. Yamo ya jana, ya mwezi uliopita na ya mwaka juzi. Mteja mwingine akiomba kuketi arekebishe barua yake mwenyewe, yote hayo yako mbele yake, kubonyeza mara mbili tu.

Hakuna aliyeiba hapo, wala aliyekusudia ubaya. Ndiyo maana mafundisho ya dini kuhusu amana yanafaa kusomwa upya, kwa sababu hayakuishia kwa mwizi. Qur'ani, katika Sura ya 4 aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Masimulizi ya sira yanaeleza kwamba Mtume Muhammad alipohama Makka mwaka 622, Ali bin Abi Talib aliachwa nyuma ili awarudishie watu amana zao, ingawa mji wenyewe ulikuwa umemgeukia Mtume. Torati nayo, katika kitabu cha Kutoka sura ya 22, inashughulikia mali iliyowekwa kwa jirani kisha ikaibwa, na namna ya kuthibitisha kama mwekewa mwenyewe hakuigusa. Wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, walilifafanua jambo kwa undani zaidi. Kwao mwekewa amana halipi kitu kikimpotea pasipo kosa lake. Analipa akivuka mpaka, kama vile kumpanda punda aliyewekewa au kuivaa nguo aliyokabidhiwa, na analipa pia akizembea katika kutunza. Kuvuka mpaka na kuzembea ni milango miwili tofauti, na kompyuta inaifungua yote.

Kuvuka mpaka huanza kwa kutazama. Nguo ikivaliwa inachakaa. Picha ikitazamwa haichakai, na hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya kuwa kutazama si kutumia. Lakini thamani ya picha ya faragha au ya majibu ya daktari imo katika hilo hasa: nani ameiona na nani hajaiona. Fundi aliyeletewa kompyuta abadilishe kioo, kisha akapitia picha za mwenye nayo, ameitumia amana sawasawa na yule aliyempanda punda. Kwa mwenye mali, njia ya kumpunguzia fundi majaribu ni fupi. Mafaili ya siri yahamishiwe kwenye diski ya nje kabla kompyuta haijatoka nyumbani, akaunti za barua pepe zifungwe kwa kutoka kabisa, na fundi apewe akaunti yake ya muda badala ya nywila ya mwenye kompyuta. Kubadilisha kioo, betri au feni hakuhitaji nywila ya mtu.

Mpaka mwingine ambao huvukwa kila siku bila mtu kushtuka ni ule wa kumkabidhi mtu wa tatu. Kanuni ya jumla ya fiqhi ni kwamba mwekewa hana ruhusa ya kuiweka amana kwa mwingine bila idhini au dharura, hata kama wanazuoni walitofautiana kuhusu watu wa nyumbani mwake. Mhazili aliyepewa mkataba ulio katika PDF, akatakiwa kuurekebisha, mara nyingi hutafuta tovuti ya bure inayogeuza PDF kuwa Word. Anaupandisha mkataba, anasubiri kidogo, anaupakua ukiwa tayari. Kazi imekamilika, na mkataba wa watu umekwenda kukaa kwenye kompyuta ya mtu asiyejulikana, katika nchi isiyojulikana. Matoleo ya Word tangu 2013 yanafungua PDF yenyewe na kuigeuza papo hapo ndani ya kompyuta, na LibreOffice, ambayo ni ya bure, inaifungua pia na kuruhusu marekebisho madogo. Kugawana nywila ofisini ni mpaka uleule. Nywila ya mhasibu ikijulikana na watu wanne, wenye fedha wamewekewa amana yao kwa watu wanne na wao walimjua mmoja.

Kuhusu uzembe, wanazuoni walibishana juu ya mafundi wanaopokea vitu vya watu wengi kwa malipo, kama fundi cherehani na mtia rangi nguo. Imamu Abu Hanifa aliona fundi wa aina hiyo ni mwaminifu wa amana, halipi ila kwa alichokiharibu kwa kazi yake. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, waliona alipe kilichopotea, isipokuwa kwa janga lisiloepukika, kwa kuwa watu hawana budi kumpelekea vitu vyao na hawana njia ya kujua anavyovitunza. Kwa kompyuta, rai ya wanafunzi ina nguvu zaidi. Mteja wa steshenari, mgonjwa wa zahanati na mzazi anayejaza fomu ya shule hawawezi kuchungulia nyuma ya meza kuona kama mashine imefungwa. Wanalazimika kuamini, na anayeaminiwa kwa kulazimika anadaiwa zaidi.

Utunzaji wenyewe ni wa mambo madogo. Anayeinuka mezani hata kwa dakika mbili anafunga skrini: kwenye Windows kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, kwenye Mac kwa Control, Command na Q. Nywila inayofaa ni ndefu kuliko ilivyo ngumu. Maneno manne au matano yasiyohusiana hushinda neno moja lililopambwa kwa tarakimu na alama. Kwa miaka mingi ofisi ziliwalazimisha wafanyakazi kubadilisha nywila kila baada ya miezi michache, wakawa wanaongeza namba moja mwishoni au kuiandika kwenye karatasi chini ya kibodi. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliuacha ushauri huo na kupendekeza nywila ibadilishwe panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Akaunti ya barua pepe iwekewe uthibitisho wa hatua mbili kabla ya akaunti nyingine zote, kwa kuwa anayeishika barua pepe anaweza kuomba nywila mpya za kwingine kote.

Kusasisha programu ni sehemu ya utunzaji inayochukiwa kuliko zote, kwa sababu ujumbe wake huja wakati mtu ana haraka na bando linakwisha. Tukio la kirusi WannaCry linaonyesha uzito wake. Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu wa Windows ambao kirusi hicho kiliutumia, mwezi Machi 2017. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi kikasambaa duniani, kikayafunga mafaili ya watu na kudai malipo, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi na upasuaji. Mashine nyingi zilizoathirika zilikuwa na takriban miezi miwili ya kuziba tundu ambalo dawa yake ilikuwa imeshatolewa. Katika lugha ya fiqhi, mlinzi aliyeletewa kufuli akaliacha juu ya meza hawezi kusema mwizi alimzidi nguvu. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo imeondolewa katika huduma ya kawaida ya viraka, kwa hiyo kompyuta ya ofisi inayoitumia bila mpango wa kuongezewa muda ni nyumba ambayo kufuli zake hazitengenezwi tena.

Hata hivyo uzembe na kuvuka mpaka havigusi bado kiini cha ugeni wa amana hii. Mwaka 1788 mwanafalsafa Immanuel Kant alitoa mfano wa mtu aliyewekewa mali, mwenye mali akafa, na hakuna karatasi yoyote inayothibitisha. Je, mwekewa anaweza kukana? Kant alijibu kwamba kanuni ya kukana amana isiyo na ushahidi, ikifanywa sheria ya wote, inajiangamiza, maana hakuna atakayeweka amana tena. Mwanafalsafa mwenzake Hegel alimpinga mwanzoni mwa karne ya 19 akiuliza kuna mgongano gani ikiwa amana hazitakuwepo kabisa. Pingamizi hilo lina uzito kwa mkufu na fedha, kwa kuwa jamii inaweza kuishi bila kuwekeana mikufu. Kwa taarifa halina pa kusimama, kwani mtu wa leo hawezi kusoma, kutibiwa, kuajiriwa wala kusajili laini ya simu bila kuacha kitu chake ndani ya kompyuta ya mwingine.

Na Kant, Hegel, Torati na fiqhi wote walikuwa na jambo moja ambalo hawakuhitaji kulitaja: kitu kikirudi kwa mwenyewe, kimetoka kwa mwekewa. Mkufu hauwezi kuwa shingoni mwa mwenyewe na sandukuni mwa jirani kwa wakati mmoja. Faili linaweza. Mteja ameondoka na karatasi yake, na faili lake liko palepale. Kwa hiyo katika kompyuta amana hairudishwi kwa kutoa. Inarudishwa kwa kufuta. Steshenari isiyofuta haijarudisha kitu, hata kama kila mteja aliondoka akishukuru.

Kufuta nako kuna kina. Faili likifutwa kwenye diski ya kompyuta huenda kwanza kwenye pipa la taka, na hukaa humo mpaka pipa limwagwe. Pipa likimwagwa, kwa kawaida mfumo unaweka alama tu kwamba nafasi ile iko wazi. Maandishi yenyewe yanabaki mpaka yaandikwe mengine juu yake, na programu za kurejesha zinaweza kuyaokota. Diski za SSD zina amri iitwayo TRIM inayoiarifu diski ni sehemu zipi hazitumiki tena ili izisafishe kwa wakati wake, lakini flashi nyingi hazina msaada huo. Faili likifutwa kutoka kwenye flashi kwa Windows, halipiti hata kwenye pipa, jambo linalowafanya wengi waamini limekwisha kabisa. Kufomati kwa haraka hakusafishi data. Kufomati kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri diski nzima. Anayeuza au kugawa kompyuta yake achague kuiweka upya kwa kuondoa kila kitu, pamoja na chaguo la kusafisha diski. Kinga bora zaidi huwekwa mapema, siku kompyuta inapoanza kutumika: kuisimba diski yote kwa BitLocker ya Windows au FileVault ya Mac, ili kinachobaki kisomeke kama takataka tupu kwa asiye na ufunguo. Mashine kubwa za kudurufu zisisahaulike, kwa kuwa nyingi zina diski ndani.

Upande wa pili, mwekewa anayefuta kila kitu anaweza kuipoteza amana aliyotakiwa kuitunza. Mwaka 1998, wakati filamu ya Toy Story 2 inatengenezwa, amri moja ilifuta sehemu kubwa ya kazi kwenye kompyuta za studio ya Pixar, na nakala za akiba zikaonekana hazifai. Kazi iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa mfanyakazi mmoja, Galyn Susman. Ndiyo maana hushauriwa ziwepo nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo, na zijaribiwe kufunguliwa kabla ya siku ya shida. Nakala ya akiba inamhudumia mwenye mali, na nakala iliyosahauliwa haimhudumii mtu. Zote mbili ni faili lilelile. Kinachozitenganisha ni kama kuna anayejua ipo, kwa nini ipo, na lini itaondolewa. Sheria zimeelekea hukohuko. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, zinadai taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa na zisikae kuliko lengo hilo linavyohitaji.

Linabaki suala la mwenye mali aliyekufa, ambalo Kant aliligusa kwa upande mmoja. Kwake mali ipo, warithi hawajui. Leo hutokea kinyume: warithi wanajua kwamba picha za baba, hesabu za kikundi na hati za nyumba zimo ndani ya kompyuta, lakini hakuna mwenye nywila, na diski imesimbwa. Google ina mpangilio unaomruhusu mtu kutaja nani apewe data yake akaunti ikikaa bila kutumika, na Apple iliongeza mwaka 2021 nafasi ya kumtaja mtu wa kurithi. Kwa kompyuta yenyewe, bahasha iliyofungwa inatosha: nywila ya kuingilia, ufunguo wa kurejesha wa diski, orodha ya akaunti, na maelezo ya yapi wapewe watoto, yapi warudishiwe wanakikundi, na yapi yafutwe bila kufunguliwa.