Asiyesikia Maumivu

Twaulizwa mara kwa mara: mvuta sigara amemdhulumu nani, ikiwa fedha ni zake, mwili ni wake, na mwenyewe hasikii maumivu yoyote? Hitilafu hii si ya leo. Tumbaku ilipoingia katika miji ya Waislamu mwishoni mwa karne ya 16, maulamaa waligawanyika. Sheikh Ibrahim al-Laqani wa Misri aliiharimisha. Baadaye Sheikh Abdul-Ghani al-Nabulsi wa Sham akaandika kitabu cha kuitetea. Kila mmoja alihukumu kwa kadiri ya madhara yaliyojulikana zama zake. Sisi hatuna udhuru huo.

Chukua mfano wa mvuvi wa dagaa katika kisiwa cha Mfangano, upande wa Homa Bay, ambako dagaa huitwa omena. Kazi yake ni ya usiku, kwa taa, juu ya Ziwa Viktoria, na upepo una baridi. Huwasha sigara akadai kwamba yampasha joto. Ukweli ni kinyume. Nikotini huichochea mishipa ya fahamu inayokaza vijishipa vya damu vya ngozi. Damu hupungua vidoleni, navyo huzidi kupoa. Juu ya hayo, moshi una hewa ya sumu, kabonimonoksaidi, inayotwaa nafasi ya oksijeni ndani ya damu, hata hiyo kidogo ifikayo hufika maskini. Akichanwa na ndoana, jeraha lake huchelewa kupona.

Sasa mtazame mvuvi huyo akipasuliwa mkono hospitalini. Daktari humchoma sindano ya ganzi kwapani au karibu na bega, penye mishipa ya fahamu iendayo mkononi. Yu macho, azungumza, na kisu chapita katika nyama yake. Hasikii. Je, aweza kusema kwamba hakukatwa? Na ajabu ni kuwa ganzi hiyo huinyamazisha pia ile mishipa yenye kukaza, vijishipa vya damu vikalegea na mkono ukapata joto: kinyume cha kazi ya sigara. Saa chache baadaye ganzi huondoka. Akiwasha sigara siku ile, hubana njia ya damu wakati jeraha laihitaji mno.

Basi hoja ya kutosikia imeanguka. Na ile ya "mwili ni wangu" haimfai Mwislamu, akirye kuwa mwili ni amana, na asomaye katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, katazo la kujitia katika maangamizo.

Madaktari humtaka mvutaji aache walau wiki 4 kabla ya kupasuliwa. Wengi husema hawawezi. Nasi twawaona kila Ramadhani wakiacha mchana kutwa, siku 29 au 30, kisha adhana ya magharibi ikilia, mkono hukimbilia kibiriti kabla ya tende!

Amma wenye maduka miongoni mwetu, wauzao sigara mojamoja ilhali sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imelikataza jambo hilo, khabari yao ina maneno mengine, nayo tutaisoma katika darasa lijalo.