Kidole Kilichogoma

Mwaka 1830 Robert Schumann alihamia nyumbani kwa mwalimu wake wa piano, Friedrich Wieck, mjini Leipzig, Ujerumani. Alikuwa na miaka 20, masomo ya sheria ameyatupa, na moyo unamwenda mbio. Katika nyumba hiyohiyo alikuwamo binti wa mwalimu, Clara, mtoto wa miaka 11, aliyekwisha kumwacha mbali kwa piano. Clara alipanda jukwaa la Gewandhaus, ukumbi wa muziki wa mji huo, akiwa na miaka 9.

Mtoto huyo hakuanzishwa kwa kitabu. Wieck alimfundisha kwanza kwa sikio, vipande vifupi bila noti mbele yake. Kisha zikaja nyimbo za kuimba, opera na matembezi, maana mtoto aliyechoka hasikii.

Schumann alitaka njia ya mkato. Aliviona vidole vyake vizito, akajifunga kifaa cha kuvikaza. Mwenye pupa hadiriki kula tamu: kufikia 1832 kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa hakimtii tena. Wachunguzi wanabishana mpaka leo, huyu analaumu neva, yule dawa yenye zebaki. Lakini hakuna anayesema kifaa kilimsaidia. Kama tiba, aliagizwa hata kuutumbukiza mkono katika matumbo ya mnyama aliyetoka kuchinjwa. Wapi! Akabaki kutunga, na Clara, aliyemwoa mwaka 1840, ndiye aliyezipiga kazi zake mbele ya watu.

Mwaka 1848, binti yao mkubwa alipotimiza miaka 7, Schumann alitunga kitabu cha vipande vya watoto. Baadaye akakiongezea mawaidha kwa wanamuziki wachanga, na jambo alilolitanguliza si vidole, ni sikio. Anamtaka mtoto atambue sauti ya kengele, ya kioo cha dirisha, ya ndege. Anamtaka aimbe kwaya. Kinanda bubu cha kufanyia mazoezi ya vidole anakikejeli.

Ndani ya kitabu hicho kimo kipande cha mkulima mchangamfu arudiye kutoka shambani. Wanafunzi wengi hukipitia, na wengi wao hukipiga kama karani apigaye taipu, bila kosa hata moja na bila uhai. Wimbo wenyewe umo mkono wa kushoto. Mkono wa kulia kwa sehemu kubwa unaitikia tu. Mtoto asiyejisikiliza huugonga wa kulia kwa nguvu, mkulima akamezwa na waitikiaji wake.

Mwalimu, mwanafunzi wako akikuletea kipande hicho wiki hii, kifunge kitabu. Mpigie mkono wa kushoto peke yake, naye auimbe mpaka aushike. Halafu apige wa kulia taratibu huku akiimba wa kushoto kwa mdomo. Mikono miwili ingoje wiki ijayo.