NAJISI YA MMOJA, MAJI YA WOTE

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, sisi watu wa pwani twasifika kwa kuchunga tahara. Mtu huibadili kanzu kwa shaka ya tone moja. Lakini mtu huyo huyo, karo la nyumba yake likijaa, huita gari lije kulivuta usiku, wala haulizi lenda kumwaga wapi. Je, najisi ni najisi nguoni mwetu tu, na ikifika katika maji ya jirani huwa si neno?

Mtume wetu (S.A.W.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyosimama, na ametuonya na kwenda haja penye maji wayaendeayo watu, na njiani, na vivulini, kwa kuwa mambo hayo huleta laana. Ikiwa haja ya mtu mmoja yakatazwa, ya mji mzima itakuwaje?

Natuutazame Mtwapa. Mji umekua kando ya mto wa maji ya chumvi wenye mikoko na mazalio ya samaki. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu. Maji ya choo hupenya humo hata yakafika visimani, na kipindupindu hakichagui nyumba. Ng'ambo ya pili, katika gereza la Shimo la Tewa, maji machafu yalikuwa yakiteremka mtoni bila kusafishwa, hata ukajengwa mtambo kwa mradi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Katika mitambo ya namna hii uchafu mzito hutuama kwanza tangini. Kisha maji hupita polepole katika vitanda vya kokoto vilivyopandwa mimea, na vijidudu wakaao penye kokoto na mizizi huula uchafu uliobaki.

Wako wasemao kuwa maji yaliyotoka chooni ni najisi milele. Sivyo. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamefundisha kuwa maji mengi yaliyobadilika kwa najisi, mabadiliko hayo yakiondoka yenyewe, hurudi kuwa tohara. Na mwaka 1978 Baraza la Wanavyuoni Wakuu wa Saudia liliamua kuwa maji machafu yakisafishwa kikamilifu, isibakie athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, yafaa kwa tahara. Na hata kunywewa yakiwa hayana madhara, japo kujiepusha na kuyanywa ni bora.

Wala hatusemi kuwa kila mtambo wafikia daraja hiyo. Maji ya vitanda vya kokoto ni ya kunyweshea miti na kurudi mtoni, si ya kutilia udhu. Twasema tu kuwa asiyetaka mtambo asijifiche nyuma ya dini.

Basi mwenye nyumba za kupangisha na aliweke karo mbali na kisima. Mwenye kuita gari na aulize pa kumwaga, na aikatae bei nafuu ya mwagaji wa mtoni, kwani kumlipa ni kushirikiana naye katika dhambi. Kamati za misikiti na ziyaelekeze maji ya udhu kwenye miti, yasijaze karo bure. Na sote tuidai serikali mtambo wa mji, maana Katiba ya mwaka 2010 imetupa haki ya maji safi na ya usafi wa makazi.

Mwenyezi Mungu atutakasie nyoyo zetu na maji yetu. Amin.