Akiba au Amana?

Wapiga picha wana kanuni wanayoikariri kama tebo ya hesabu: tatu, mbili, moja. Nakala tatu za kila picha, kwenye vifaa vya aina mbili, na nakala moja ikae mbali na zingine. Kanuni hiyo huhusishwa na Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, na ukiwa nyumbani kwenye intaneti nzuri kuifuata si kazi. Kazi iko safarini.

Hebu piga hesabu. Picha ghafi moja kutoka kamera ya kawaida inaweza kufika megabaiti 30. Picha 300 kwa siku ni gigabaiti 9. Wiki moja ni 63. Sasa jaribu kupandisha hizo 63 kwenye wingu kwa bando ya simu, ukiwa Mokowe unangoja boti ya kuvuka kwenda Lamu. Bando itaisha, chaji itaisha, na picha za Jumatatu bado zinapanda. Ndiyo maana sisi watu wa safari hubeba diski.

Yangu ni SSD, ndogo kuliko simu. Zile hadi diski za zamani zina sahani inayozunguka ndani, na ikianguka wakati inafanya kazi, kwaheri. SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hivyo matuta ya barabarani haiyaogopi sana. Kila jioni nanakili kadi ya kamera kwenye diski, halafu kadi sifuti. Diski inakaa kwa begi, kadi inakaa mfukoni. Mwizi akienda na begi, bado niko na picha.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa wameona SSD. Ndani yake kila picha ni chaji ndogo ndogo za umeme, na ukiiacha kabatini miaka mingi bila kuiwasha, chaji hizo zinaweza kuvuja polepole. Hakuna harufu wala kutu ya kukuonya. Utajua siku utakapoihitaji. Kwa hivyo nakala ya akiba si kitu unachoweka mara moja ukasahau. Unaitunza kama mmea.

Mpaka hapo tunaongea kama mafundi. Lakini kuna swali ambalo fundi hakuulizi: hizi picha unazozilinda hivi ni za nani?

Jibu la haraka ni kwamba ni zangu. Kamera ni yangu, nauli ni yangu, jua lilinichoma mimi. Hata jina lenyewe linaniunga mkono. Nakala ya *akiba*. Akiba ni ya mwenyewe: mahindi yangu kwa ghala langu, na nikiamua kuyala leo ama kuyaacha yaliwe na fukusi, hakuna wa kuniuliza.

Kiswahili kina neno lingine, amana. Amana ni kitu cha mtu kilichoachwa mikononi mwako. Hata benki hutumia neno hilo: pesa zako ni amana, benki inazo lakini si zake. Mwenye kushika amana ana kazi mbili. Aitunze isipotee, na mwenyewe akiitaka, aitoe. Nafikiri picha ya mtu uliyekutana naye njiani iko karibu zaidi na amana kuliko akiba. Na nafikiri wengi wetu tumekuwa hodari sana kwa ile kazi ya kwanza, ile ya pili tukaiacha hivyo tu.

Nilielewa hivyo Lamu, pale ufukoni mbele ya mji. Nilikuwa napiga jahazi likishusha mizigo, na mama mmoja mwenye buibui akapita ndani ya fremu. Alisimama.

"Mwanangu, na mimi nimo?"

"Umo, mama."

"Nitoe."

Nikamwonyesha kioo, nikafuta, akaona picha ikitoweka. Akauliza, "Imekwisha?"

Sasa, kamera yangu ina nafasi mbili za kadi, na kila picha huandikwa kote kuwili. Ile picha ilikuwa imekwisha kwa kadi moja tu. Nikamwambia, "Bado, mama. Kuna nyingine." Nikafungua kadi ya pili, nikafuta mbele yake. Akatikisa kichwa kidogo, akaenda zake. Nafikiri alinishangaa zaidi kwa zile picha mbili kuliko kwa ile moja.

Niliendelea kuwaza. Kama angenipata kesho yake, picha ingekuwa pia kwenye diski, chumbani. Kama ningetumia simu, huenda ingeshapanda kwenye wingu yenyewe, na hata baada ya kufutwa ingekaa wiki kadhaa kwenye lile folda la vilivyofutwa. Zamani neno "nimefuta" lilikuwa na maana moja. Siku hizi kila nakala mpya inapunguza uzito wa neno hilo. Ahadi ni deni, na mtu mwenye nakala tatu anadaiwa mara tatu.

Najua kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na najua uso wa mtu ni data. Lakini tuseme ukweli, nani atamfuata mgeni hadi Nairobi kwa ajili ya picha moja? Sheria haitafika kwenye begi lako. Utafika wewe, na neno lako.

Kuna msee atanijibu: ukianza kufuta futa hivyo, historia itabaki na nini? Hoja hiyo ni nzito, na siwezi kuikwepa. Priya Ramrakha, mpiga picha Mkenya, alizipiga harakati za uhuru wa Afrika, na kazi yake ilifika kwa majarida ya Life na Time. Aliuawa 1968 akipiga picha vita vya Biafra. Kwa miaka mingi ilidhaniwa picha zake nyingi zimepotea, mpaka zikapatikana ndani ya gereji hapa Nairobi, na mwaka 2018 kukatoka kitabu chake. Gereji! Hakuna aliyepanga, hakuna kanuni ya tatu, mbili, moja. Zingetupwa, tungekuwa maskini zaidi, na waliomo ndani yake wangepotea pamoja nazo.

Kwa hivyo sisemi tufute. Kutunza ni nusu ya amana. Ninachosema ni kwamba mtunzaji lazima ajue nakala zote ziko wapi, ili siku mtu akisema "nitoe", aweze. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nina daftari kweli, la karatasi, lenye majina na namba za wale waliokubali. Na ile nakala ya mbali, ile "moja" ya kanuni, ikiwezekana naipeleka kwa mwenye uso. Naichapisha studio, naituma na dereva wa basi. Nakala iliyo ukutani kwa mtu iko mbali na begi langu kuliko wingu lolote, na sihitaji bando.

Linabaki jambo moja ambalo sijalimaliza. Diski yangu ina nywila, maana ikipotea kwa basi sitaki mtu nisiyemjua aangalie nyuso za watu walioniamini mimi. Hiyo ni haki yao. Lakini picha za Ramrakha ziliokoka kwa sababu ukiinua negativu kwenye mwanga, unaona. Yeyote anaona. Diski yangu ikikutwa gerejini miaka 50 ijayo, itakuwa kipande cha chuma kilichofungwa, hata kama chaji haijavuja. Ninavyowalinda walio hai ndivyo ninavyowafungia mlango wale watakaokuja.

Kwa sasa nimemwachia dada yangu ile nywila, imeandikwa kwa karatasi ndani ya bahasha. Aliniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni amana, na nyingi si zangu.